Usiruhusu Rodi Iguse Bodi ya 504

Kuna sentensi moja imemaliza magari ya zamani hapa Nairobi kuliko mashimo ya barabara: "Hiyo tutachomelea tu." Sawa, lakini kuchomelea na nini? Ukiuliza hivyo, fundi anakuangalia kama umemtusi. Kwake kuchomelea ni kuchomelea. Mimi nasema si hivyo, na nitabishana na yeyote.

Mjomba alituachia Peugeot 504 saluni. Mimi na binamu yangu tunairudisha barabarani wikendi kwa wikendi, na pesa ya kuungaunga. Kwa nyinyi mliozaliwa juzi: hii ndiyo gari iliyoshinda Safari Rally 1975, ikarudi ikashinda tena 1978. Ile ndefu ya viti safu tatu ilikuwa matatu ya masafa marefu, waulize wazazi wenu.

Sasa sikiza kitu wengi hawajui. 504 saluni haina chasi ya kando kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chasi. Ule mhimili wa chini ya milango ukioza, hiyo si mambo ya sura tena, ndio unazuia gari isikunjike ikigongwa. Na mama ameshasema yeye ndiye abiria wa kwanza.

Tulipokwangua rangi hapo chini, tukapata kuna mtu "alitengeneza" zamani. Alilaza kiraka cha bati juu ya kutu, akakidonoa kwa rodi hapa na pale, kisha akapaka puti nene kama chapati. Kwa nje kulikuwa kunang'aa. Kwa ndani maji yaliingia kati ya hizo bati mbili na kutu ikaendelea kula polepole bila presha. Bisibisi ilipita hadi ndani kama kisu kwa papai.

Shida ni joto. Toa kadi yako ya benki uishike. Bati ya bodi iko karibu na unene huo, milimita 0.8 hivi, sehemu zingine 1. Rodi ya kawaida pale dukani ni milimita 2.5. Yaani unachochomelea nacho ni kinene mara tatu kuliko unachochomelea! Kwa geti hiyo ni poa kabisa, na geti za jua kali zitatuzika sisi wote. Kwa bodi, inatoboa shimo, fundi anajaza shimo, kando yake linatokea lingine. Ndiyo, kuna mafundi wachache wenye mkono mwepesi na rodi nyembamba wanaoweza. Si yule aliyetupatia bei nusu. Binamu yangu alitaka tumpe kazi, tukanuniana siku nne.

Mwishowe mhimili na sakafu tulipeleka kwa fundi wa MIG, ile mashine inayosukuma waya wenyewe. Waya ni wa milimita 0.6, na mtungi una argoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi. Hapo raha ni kwamba unachoma nukta, unaacha, unaruka mbali, unachoma nyingine, ndio bati isipate moto mahali pamoja. Pale ambapo kiwandani bati mbili zilishikanishwa kwa nukta za umeme, alitoboa matundu kwa bati ya juu akayajaza moja moja. Kutu yote ilikatwa kwanza mpaka chuma kizima. Hakuna kiraka juu ya kidonda. Ile MIG ya waya usiotumia gesi tuliikataa, inarusha cheche nyingi na ni kali kwa bati nyembamba, ingawa ukifanya kazi nje kwa upepo ina maana yake.

Lakini MIG si dawa ya kila kitu, na hapa ndipo watu wa video hunikera. Mshono wake ni mgumu na unasimama juu ya bati. Lazima uusage na grainda, na grainda nayo inaleta joto lake. Kwa sakafu, nani anaona? Kwa mlango, jua la saa kumi litaonyesha kila wimbi.

Kwa mlango nataka mshono laini unaokubali nyundo. Hiyo ni TIG, ama gesi ya oksijeni na asetilini. TIG ni safi sana lakini polepole, na bati ikiwa na uchafu kidogo tu inakataa. Gesi inasambaza joto mbali, ukiwa mgeni bati inajikunja mbele ya macho yako. Ila kuna mzee huko Grogan ambaye amechoma gesi tangu kabla nizaliwe. Anachoma kidole kimoja cha mshono, anaweka chuma kizito nyuma, anagonga taratibu bati ikae, kisha anaendelea. Nilimuuliza kwa nini hajanunua MIG. Akacheka: "Ninayo, kijana. Ni ya geti."

Ah, na tafadhali: msikate kiraka kutoka kwa mabati ya paa. Ile zinki ikiungua moshi wake unakuletea homa na kutetemeka usiku. Toeni betri na tangi la mafuta kabla cheche ya kwanza, hata kama fundi anawaharakisha.

Mhimili umeisha, sakafu imeisha, na binamu ameanza kuniongelesha. Mlango wa kushoto bado. Mzee amesema tuufungue tumletee Jumamosi asubuhi, uwe umekwanguliwa mpaka chuma cheupe, na tusithubutu kuja na mkebe wa puti.