Matundu Niliyoyaziba

Matundu ya hewa ya ploti moja ya vyumba vya kupanga huko Witeithie niliyaziba mimi, fundi, kwa mikono yangu. Wapangaji walilalamika kuwa baridi ya Julai inapenya juu ya madirisha, vumbi la murram linaingia na mbu hawaishi. Nikaanza chumba cha kwanza hadi cha mwisho: mawe, simiti, plasta, rangi. Ungepita na usijue kwamba ukuta ule uliwahi kuwa na tundu.

Kilichonipa ujasiri ni kuamini kwamba gesi haina ubaya. Makaa niliyajua. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyolala na jiko ndani na isiamke, na mimi mwenyewe niliwakataza wapangaji kuingiza jiko usiku. “Tumieni meko,” niliwaambia, kwa kuwa meko, ule mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake, haina moshi. Hofu yetu kuhusu gesi ilikuwa mlipuko tu, hasa baada ya ule wa Embakasi usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Tukajua kunusa mtungi na kupaka povu la sabuni kwenye regyuleta. Hewa ambayo moto wenyewe unaila hatukuifikiria.

Mama mmoja akaniamini. Jioni akimaliza kupika aliacha moto mdogo chini ya sufuria kubwa ya maji ili watoto wake wawili wapate joto, mlango umefungwa na kitambaa kimeshindiliwa chini yake. Hicho kitambaa pia nilimshauri mimi.

Siku moja alinijia uani. “Fundi, hiki chumba kina nini? Tukikaa jioni kichwa kinaniuma, mtoto anatapika. Nikienda kazini nakuwa sawa.”

Jibu lote lilikuwa ndani ya maneno yake: ugonjwa unaokuacha ukitoka nyumbani na kukurudia ukiingia. Nikamwambia akapime malaria. Na hapa ndipo ninapoungama hasa, maana kuziba nilifanya kwa kutojua. Siku ile wazo la matundu lilinipitia kichwani nikalifukuza, kwa sababu kulikubali kungemaanisha kubomoa kazi niliyokwisha lipwa.

Usiku mmoja majirani walisikia mtoto akilia bila kunyamazishwa. Walipousukuma mlango walimkuta mama hawezi kusimama. Wote watatu walifikishwa hospitalini, wakawekewa oksijeni kwa saa nyingi, na wakapona. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa huyo mtoto aliyelia.

Daktari alinieleza. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ile harufu tunayoijua ya gesi imetiwa kiwandani ili tugundue inapovuja, nayo huungua pamoja na gesi. Kaboni monoksaidi hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Ukitolewa nje, mwili huhitaji saa nne au tano kuondoa nusu yake tu.

Nikapiga hesabu ambayo fundi alipaswa kuipiga kabla ya kuchanganya simiti. Chumba cha futi 10 kwa 10, kimo futi 9, kina hewa mita za ujazo kama 25. Kilo moja ya gesi inahitaji mita za ujazo 12 hivi ili iungue. Mtungi wa kilo 6 unamaliza hewa ya vyumba karibu vitatu! Vipasha joto vya gesi vya ndani mara nyingi huwa na kifaa kinachozima moto oksijeni inaposhuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 18. Meko haina kifaa hicho. Inaendelea kuwaka tu, vibaya, pengine mwali ukigeuka manjano, pengine bila dalili yoyote.

Nilimwendea mwenye ploti nikamwambia kosa ni langu, nikatoboa upya. Tundu moja chini karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama, na jingine chini ya dari, kwa kuwa hewa iliyoungua hupanda na joto. Nikaweka wavu wa mbu. Wavu huo ungetosha tangu mwanzo.

Yule mama nilimweleza yote, pamoja na nilichokishuku siku ile uani. Alinisikiliza hadi mwisho, na mwezi ulipoisha akahama.

Nilikuwa nimeziba matundu Kalimoni pia, na Murera. Baadhi nimeyafungua bila malipo. Wenye ploti wengine wamekataa, wakisema wapangaji watalalamikia baridi. Huko nimepita mlango kwa mlango, nikawaambia watu wafungue dirisha kila meko inapowaka na waizime kabla ya kulala, na nikawaonyesha kwa kidole mahali tundu lilipo nyuma ya plasta.