Gazeti la Ukutani na Kanuni ya Utani

Watu wengi wasikiapo neno utamaduni, fikira zao hukimbilia ngoma, nyimbo na vinyago. Lakini lipo jambo la utamaduni lililolelewa katika shule zetu za sekondari bila kupigiwa vigelegele, nalo ni gazeti la ukutani la kuchekesha.

Magazeti ya shuleni si jambo geni kwetu. Tangu mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilitolewa katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja. Baada ya Uhuru, michoro ya Chakubanga katika gazeti la Uhuru iliwazoeza wasomaji kujicheka wenyewe.

Sisi tuliosoma kidato cha tano na cha sita mjini Singida, gazeti letu lilikuwa karatasi nne za manila zilizobandikwa karibu na bwalo la chakula. Upepo wa Singida hauna adabu. Kwa hiyo kila ukurasa ulipigiliwa misumari pembe zote, habari zetu zisije zikasomwa na samaki wa ziwa Singidani. Wahariri walitoka pande nyingi za nchi: Mnyaturu, Mnyiramba, Mhehe, Mngoni, Mzaramo. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na utani ndio uliowazoeanisha.

Siku moja lilitoka tangazo kwamba limepotea harage moja jekundu, la umri mkubwa, lililoonekana mara ya mwisho likiogelea peke yake katika bakuli la mwanafunzi. Atakayeliona asilile, bali alirudishe stoo. Mkuu wa shule aliamuru ukurasa ule ubanduliwe. Kufika jioni hapakuwa na mwanafunzi asiyeujua kwa moyo. Mwalimu mlezi wa gazeti alikwenda kulitetea, akisema kwamba afadhali manung'uniko yabandikwe ukutani, ambako mkubwa na mdogo huyasoma, kuliko kunong'onwa mabwenini usiku. Baada ya majuma mawili gazeti lilirudi, na habari ya chakula ikapelekwa katika baraza la shule, ikazungumzwa waziwazi.

Muda si mrefu ililetwa habari nyingine, ya kumcheka mwenzetu mwenye kigugumizi. Iliandikwa kwa ustadi kupita ile ya harage, na baadhi ya wahariri walitaka itoke. Mwalimu yule yule hakuikataza. Aliuliza tu: "Na huyu atawajibu kwa njia gani?" Hapakuwa na jibu, na habari haikutoka.

Swali hilo limebeba kanuni nzima ya utani wa wazee wetu. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Mtani hukucheka mbele ya watu, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini kesho ni zamu yako kumcheka yeye. Tena kicheko chake kina wajibu: kwenye msiba mtani hushika kazi, na ndiye awezaye kuwachekesha wafiwa bila kuwavunjia heshima. Utani ni mkopo unaolipwa. Kicheko kisicholipika si utani, ni uonevu.

Kwa kipimo hicho, tangazo la harage lilikuwa utani halali, kwa kuwa mkuu wa shule alikuwa na uwezo wa kujibu, naye alijibu. Kijana yule mwenye kigugumizi hakuwa na ukuta wa kwake.

Walimu, msiogope ukuta wenye maneno ya kuchekesha. Someni yaliyoandikwa kabla ya kuyabandua. Nanyi wanafunzi, kabla ya kushika kalamu, mtazameni mnayetaka kumcheka, mjiulize kama ana kalamu kama yenu. Taifa lenye makabila zaidi ya 120 limejifunza kuishi pamoja kwa njia nyingi, na mojawapo ni hii ya kuchekana bila kudhalilishana. Haifundishwi kwa hotuba; inahitaji ukuta, karatasi, na mtu mzima wa kuuliza swali linalofaa.