Kunguru Hafugiki

Kunguru niliyemzoea alikuwa na kidole kimoja kilichopinda kwenye mguu wa kushoto. Bila kidole hicho nisingemtambua, maana kunguru wa Dar es Salaam wote wamevaa sare moja: mwili mweusi, shingo ya kijivu, na macho ya mtu anayekudai.

Nilianza kumwona mwezi wa tatu, nilipokuwa nakusanya data za tasnifu yangu ya uzamili. Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikaa chini ya mkungu nyuma ya bweni, nikiwa na daftari, darubini ya kuazima na andazi lililofungwa kwenye gazeti, nikihesabu ndege wadogo wanaoingia bustanini: chozi, shomoro, kwera, tetere. Saa tatu nilifunga daftari. Siku nyingi lilikuwa limejaa kunguru.

Tasnifu yangu ilikuwa karibu na hati ya mashtaka dhidi yao. Kunguru hawa si wenyeji wa pwani yetu. Waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, enzi za Waingereza, ili wale taka za mji. Taka wakazila, kisha wakavuka bahari na kuenea mijini. Wanaiba mayai na makinda ya ndege wadogo. Kunguru wetu wa asili, yule mkubwa mwenye kifua cheupe, sasa mjini unaweza kukaa wiki nzima usimwone. Nilikuwa nayajua haya yote, nimeyaandika kwa mkono wangu, na bado siku moja nilimmegea kunguru andazi.

Sikuwa na sababu ya maana. Wenzangu niliosoma nao shahada ya kwanza walikuwa wamepata kazi, wengine wameoa. Msimamizi wangu alikuwa na miezi miwili hajajibu barua pepe. Kuna asubuhi nilizofika saa tatu sijazungumza na mtu yeyote tangu jana yake jioni. Kipande cha andazi kilinidondoka, kunguru akashuka, akakiangalia, akaniangalia, akaondoka. Kesho yake nilikidondosha makusudi.

Kumzoea kunguru ni kazi ya kutomtazama. Ukimkazia macho anaruka. Nilijifunza kuangalia daftari huku nikimwona kwa pembeni. Wiki ya kwanza alisimama hatua ishirini. Wiki ya pili, kumi. Nikaacha andazi nikahamia dagaa, akafika hatua tatu. Kipande kikiwa kikavu alikipeleka kwenye kidimbwi chini ya bomba, akakichovya kama mzee anayechovya mkate kwenye chai, ndipo akala. Mwezi ulipoisha alikuwa anaijua sauti ya gazeti likifunguliwa. Nikampa jina la Bwana Afya, kama wazee walivyomwita yule mkaguzi aliyepita nyumba kwa nyumba kuangalia usafi. Nilimsalimu. Wakati mwingine nilimsomea aya ya tasnifu, ile isiyomhusu.

Mwezi wa tano nilikwenda Bagamoyo kumwona bibi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, fimbo mkono mmoja, kipande cha bati mbele yake. Kuku wake alikuwa ametotoa vifaranga kumi na mmoja. Walikuwa wamebaki wanne.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Kaa hapo ugonge bati, mimi nikapike."

Nikakaa nikagonga bati. Kunguru walikuwa watano juu ya mnazi, hawana haraka. Niliposimama kunyoosha mgongo mmoja alishuka na kupanda tena, na vifaranga wakawa watatu. Mama yao alibaki anazunguka huku amevimbisha manyoya, hajui amkimbilie nani.

Kuku wa bibi si mapambo. Jogoo wawili wa bibi ndio walionilipia nauli na godoro nilipokwenda kuripoti chuo mara ya kwanza. Nilijua hesabu hiyo vizuri. Lakini jioni, baada ya kula, nikatoa simu na kumwonyesha picha ya Bwana Afya akiwa karibu na kiatu changu. Nadhani nilitaka mtu mmoja duniani aione.

Bibi aliisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu ndiye unayemlisha?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mume wangu umeoa nyumba mbili." Akanirudishia simu. Baadaye, tukiwa tunafunga mlango, akaongeza taratibu, "Kunguru hafugiki, mjukuu wangu."

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na mara nyingi inasemwa kuhusu watu. Usiku ule niliisikia kama inavyosema yenyewe.

Mwezi wa sita mtego uliletwa chuoni. Ni kizimba kikubwa cha waya, urefu wa mtu, kimewekwa karibu na jalala la kantini. Juu kina uwazi. Ndani huwekwa nyama, maji, na kunguru mmoja au wawili hai wa kuwaita wenzao. Kunguru akikunja mabawa anaingia. Akitaka kutoka lazima ayakunjue, na uwazi haumtoshi. Sikuwa na neno la kuupinga. Mitego ya aina hii imetumika Dar es Salaam kwa miaka, na mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni 1. Sura ya nne ya tasnifu yangu ilikuwa inapendekeza jambo hilohilo.

Nilikwenda kuutazama asubuhi ya pili. Ndani walikuwamo kunguru kama kumi na tano, wanapigana na waya. Wa nje walikaa mbali, juu ya paa, wameshuku. Kisha mmoja akashuka, akatua chini, akatembea hadi karibu na kiatu changu. Kidole kimepinda. Akaniangalia mkononi, akaona hakuna kitu. Akageuka kuangalia nyama.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Wote waliokuwa juu ya paa walikuwa na woga wao. Huyu peke yake hakuwa nao, kwa sababu nilikuwa nimeununua kwake kwa dagaa, kipande kwa kipande, miezi mitatu.

Nilivua kandambili nikamrushia. Aliruka kidogo, akatua tena, kama mtu aliyedhani amesikia vibaya. Nikarusha ya pili, ikampata mkiani. Nikaokota jiwe. Alipaa akipiga kelele, na wale wa paani wakapaa naye wakipiga kelele hiyohiyo.

"Kaka, unatufukuzia," alisema kijana aliyekuwa anasimamia mtego.

"Samahani," nikasema. Nikaenda kuokota kandambili. Wale kumi na tano ndani ya kizimba sikuwafanyia lolote, wala sikutaka. Nilimwokoa mmoja kwa sababu moja tu, kwamba namjua. Hiyo si sayansi, wala si huruma kwa ndege.

Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, watafiti wakiongozwa na John Marzluff waliwakamata kunguru saba wakiwa wamevaa kinyago cha mtu wa mapangoni, kisha wakawaachia. Baada ya hapo kila aliyepita na kinyago hicho alizomewa, na kadiri miaka ilivyopita wazomeaji waliongezeka, hata wale ambao hawakuwahi kukamatwa. Kunguru wa kule ni wa aina nyingine, lakini mimi sihitaji kinyago kuamini. Tangu siku ile nikitokea bwenini kunaanza kelele juu ya mkungu. Wananisindikiza hadi maktaba. Wenzangu wanacheka, wananiuliza nimewafanya nini.

Tasnifu nimeiwasilisha. Sura ya nne sikuibadilisha. Bibi nilimpelekea wavu mkuukuu wa uvuvi, nikautandaza juu ya ua kwa miti minne, na kuku aliyetotoa baadaye amekuza vifaranga tisa. Alipouona wavu aliushika, akauvuta kupima nguvu yake, akasema, "Haya. Mke mkubwa nimepokea."

Hakuniuliza habari za mke mdogo. Angeuliza ningemwambia kwamba jana asubuhi nilipita chini ya nyaya za umeme, na aliyeanza kunizomea kabla ya wengine wote alikuwa na kidole kilichopinda. Niliinamisha kichwa, kama zamani, nisimkazie macho, nikaendelea na safari.