Mwombaji Kazi Naye Aulize

Sisi huwafunza watoto wetu namna ya kujibu, ama namna ya kuuliza hatuwafunzi. Haya twayasema kwa kujilaumu wenyewe. Miaka mitatu iliyopita binti wa dada yetu alitujia usiku wa kuamkia usaili wake wa kwanza, akatuamkia, kisha akasema, "Mjomba, wakimaliza kunihoji huuliza: Je, nawe una swali? Nijibu nini?" Tukamwambia, "Mwanangu, sema huna. Mwenye shida ya kazi haulizi." Tulidhani tumempa adabu, kumbe tumemfunga kinywa.

Kazi yenyewe hatukuwa twaijua hata kwa jina. Ni kazi ya kuandika maelezo ya vyombo, yaani zile karatasi zitokazo ndani ya sanduku la mashine, zinazomwambia mnunuzi aanze na waya upi, asiguse wapi, na chombo kikizima afanyeje. Wengine huandika maelezo ya programu za kompyuta. Sisi, ambao elimu yetu ni ya chuoni na darasa la saba, hatukupata kujiuliza karatasi zile zaandikwa na nani. Naam, zina watu wake, tena wa siku nyingi. Mwaka 1949 huko Marekani, Joseph Chapline aliandika kitabu cha maelezo ya kompyuta iliyoitwa BINAC, nacho huhesabiwa miongoni mwa vya kwanza vya namna hiyo.

Basi binti yetu akaajiriwa na kampuni moja iuzayo vyombo vya umeme wa jua. Akapewa meza, karatasi chache za mafundi, na muda wa juma moja. Alipoomba akione chombo kikifungwa, aliambiwa mafundi wana kazi nyingi. Sasa katika vyombo hivyo kuna kidhibiti chaji, kile kidude kikaacho baina ya paneli na betri. Kwa kawaida betri huungwa kwanza, ndipo paneli. Na wakati wa kufungua huanzwa na paneli. Mpango huo ukigeuzwa, kidude chaweza kuharibika. Karatasi alizopewa hazikutaja kipi kitangulie, naye akaanza na paneli, kwani jua ndilo asili ya umeme wote ule. Hapana aliyeisoma kazi yake. Ikapigwa chapa, ikatiwa masandukuni, na baada ya muda wateja wakaanza kurejesha vidhibiti vilivyoungua. Lawama ikamwangukia yeye, akaachishwa kazi.

Usiku ule alitwambia neno ambalo halijatutoka moyoni: "Mjomba, lau siku ile ningaliwauliza ni nani atakayekagua kazi yangu, ningalijua kuwa hayupo."

Mwaka huu ameitwa kwenye usaili mwingine, kwa watu watengenezao programu ya kuhesabia dawa katika zahanati. Safari hii tulikaa naye barazani tangu baada ya Alasiri hata Magharibi, yeye na kalamu yake. Sisi tulimpa swali moja tu, lile la mwalimu yeyote: Msomaji wangu ni nani? Je, ni daktari, au ni muuguzi aliye peke yake zahanati ya shamba, na foleni imemngoja mlangoni? Yaliyobaki alikuwa nayo yeye, kwa kuwa alikwisha kuyalipia.

Alisema la kwanza atakalotaka kujua ni kama ataruhusiwa kuitumia programu kwa mkono wake na kusema na wanaoitengeneza, au ataletewa karatasi tu. Pili, ataitwa lini: kazi ingali mbichi, au siku ya kupigilia misumari sanduku? Maana mwandishi aitwaye mwisho hana ila kupamba makosa. Tukamwuliza, "Na wakikwambia ndiyo kwa kila jambo?" Akacheka. "Ndiyo sababu sitawauliza hivyo, Mjomba. Nitawaomba wanisimulie karatasi ya mwisho waliyoitoa: nani aliiandika, nani aliisoma kabla haijatoka, na ilipogeuzwa programu, nani alimwarifu mwandishi." Hapa tulikiri kuwa mwanafunzi amempita mwalimu.

Akataka pia kuuliza kama wana kanuni za uandishi. Alitueleza kuwa waandikao maelezo ya kutengeneza ndege wana kanuni ziitwazo ASD-STE100, na mojawapo ni kwamba sentensi ya kuagiza kazi isizidi maneno 20. Tulipozihesabu sentensi zetu wenyewe tuliona haya, kama msomaji anavyoona.

Kisha kuna jambo la mashine za akili mnemba, ambazo siku hizi huandika kurasa nyingi kwa dakika chache. Huko Marekani chama kikubwa cha waandishi wa namna hii kilivunjwa mwaka 2025, na wengi katika kazi hiyo wana wasiwasi. Binti yetu hakutaka kuuliza kama wanaitumia mashine. Atauliza, ikikosea kipimo cha dawa, ni nani mwenye dhamana ya kuligundua kosa.

Tulishindana kwa jambo moja, nalo ni ujira. Sisi tulimkataza asiutaje siku ya kwanza. Akatukumbusha darasa letu wenyewe la mlango wa ijara, kwamba kazi isiyojulikana na ujira usiojulikana huharibu mkataba, na kwamba Nabii Musa (A.S.) kule Madyan aliwekeana muda na mwenyeji wake kabla hajaanza kuchunga. Tukanyamaza.

Alikwenda Jumatatu. Waliomhoji walikuwa watatu. Alipowaomba wamsimulie karatasi ya mwisho walitazamana, kisha mama mmoja mtu mzima akasema kweli: iliandikwa na fundi mwenyewe kwa usiku mmoja, wala hapana muuguzi aliyepata kuonyeshwa. Binti yetu akauliza kama yeye ataruhusiwa kwenda nayo zahanati, akae kando ya muuguzi, atazame anapokwama. Mmoja akasema hapana fedha ya safari. Yule mama akasema itatafutwa.

Wakampa kazi palepale. Yeye akaomba siku mbili za kufikiri, tena akaomba hilo la zahanati litiwe katika barua. Dada yetu alighadhibika sana aliposikia, kwa kuwa ada za wadogo zake zinangoja. Akatugeukia ili tumkemee binti. Safari hii hatukumwambia la kusema, na hivi tunavyoandika siku ya pili haijakwisha, wala barua haijaja.