Herufi Moja Katika Jina la Baba

Zamani ungeniuliza maandalizi ya kwenda kusoma nje yanaanzia wapi, ningekujibu haraka: intaneti. Unatafuta chuo, unaandika barua, unatuma, unasubiri. Siku hizi nakwambia yanaanzia kwenye sanduku la bati la baba yako, pale anapoweka vyeti. Kama anavyo.

Januari mwaka huu, nikiwa mwaka wa tatu wa ualimu, niliamua kuomba Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki. Dirisha lake huwa wazi kuanzia Januari 10 hadi Februari 20. Kuomba ni bure, na ukipata unalipiwa ada, malazi, bima ya afya, tiketi ya ndege na posho ya kila mwezi. Kabla ya masomo yenyewe unafundishwa Kituruki mwaka mzima. Mimi nataka uzamili wa elimu, halafu nirudi Kasulu nikafundishe watoto wanaoingia darasa la kwanza wakijua Kiha tu, kama nilivyoingia mimi.

Nilikwama kwenye herufi moja. Cheti changu cha kidato cha nne kina R kwenye jina la ukoo. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa vina L. Nyumbani ni jina lile lile, hakuna anayejali. Mwalimu aliyeniandikisha darasa la kwanza alisikia R akaandika R, na mimi wa miaka saba ningembishia vipi? Mkopo ulipita, bumu likawa linaingia, nikaona si kitu. Lakini anayesoma fomu yangu akiwa Ankara hajui Kiha. Kwake hao ni watu wawili.

Nikaenda kwa wakili kutafuta hati ya kiapo. Akaniuliza swali dogo tu: "Na baba yako anaandikaje?" Nikampigia Baba. Akacheka. "Mwanangu, mimi natamka tu."

Baba hana cheti cha kuzaliwa. Na hata kama ningepata ufadhili, mbele yangu kulikuwa na pasipoti: shilingi 150,000, cheti changu, kitambulisho changu na cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Nikaambiwa mzazi anaweza kula kiapo yakaisha. Baba akakataa. Alisema ameishi zaidi ya miaka hamsini bila karatasi, sasa akianza anataka kumaliza. Akauza gunia la maharage, tukapanda gari kwenda Kibondo, alikozaliwa.

Kwenye ofisi moja tukaulizwa babu amezikwa wapi, na kama tuna ndugu ng'ambo ya mpaka. Sisi wa Kigoma maswali haya tumeyazoea. Kasulu kuna kambi ya Nyarugusu tangu 1996, Kibondo kumekuwa na Nduta, na Muha na Mrundi wakiongea wanaelewana bila mkalimani. Anayeuliza yuko kazini, najua. Ila kumwona Baba amevua kofia, anaeleza taratibu kwamba yeye ni wa hapa, kuliniuma kuliko nilivyotegemea. Nimelelewa nikijua ninakotaka kwenda. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja tutatakiwa kuthibitisha tulikotoka.

Jioni nikamuuliza Bibi. "Bibi, Baba alizaliwa lini?"

"Mwaka mmoja kabla hatujabomolewa nyumba kuhamishiwa kijijini. Alikuwa mgongoni, analia njia nzima."

Hiyo ni operesheni ya vijiji, na Kigoma ilipita 1972. Kesho yake tukaenda parokiani. Katekista akafungua daftari la ubatizo, akashuka na kidole polepole, akasimama. 1971. Jina la Baba, kwa L. Baba akaliangalia muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa najipunguzia mwaka."

Februari 20 ilipita tukiwa bado tunafuatilia mihuri. Cheti cha Baba kilitoka Machi, hati yangu ya kiapo ikafuata. Sikuomba, na siku ile dirisha linafungwa nililala mapema ili nisiongee na mtu. Mwakani naomba tena. Uzamili wanapokea walio chini ya miaka 30, kwa hiyo muda ninao.

Wewe wa mwaka wa kwanza unayesoma hapa, leo usiku panga vyeti vyako vyote kitandani. Soma jina lako herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia. Ukienda likizo, muulize mzazi cha kwake kiko wapi. Kama hakipo, kaa na Bibi kabla hujakaa na fomu. Likizo ndefu inatosha kwa mihangaiko hii. Siku arobaini na mbili za dirisha hazitoshi.

Juzi Baba alinipigia. Salamu, mvua, bei ya maharage. Halafu akakohoa kidogo.

"Hiyo pasipoti. Na mimi si naweza kuomba?"

Nikamwambia anaweza. Vyeti anavyo.