Vigingi vya Mbuyu

Wengi wetu hapa shuleni tukisikia habari za uhandisi hufikiri mara moja treni ya umeme, au Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 katika Ziwa Viktoria. Sina ugomvi na madaraja. Lakini kwetu ni Yaeda Chini, wilaya ya Mbulu, na elimu ya nguvu za vitu, yaani kitu chaweza kubeba uzito gani kabla hakijavunjika, huko hutahiniwa juu ya mti.

Sisi Wahadzabe twapenda mno asali, na nyuki wengi wa kwetu hukaa katika mashimo ya mibuyu. Mbuyu mkubwa haupandiki kwa kukumbatia. Basi mtu huchonga vigingi vya mti mgumu, akavipigilia shinani kwa kisogo cha shoka, kimoja juu ya kingine, huku akipanda. Shina la mbuyu ni laini, lenye maji mengi, kwa hiyo kigingi huingia bila taabu. Mpandaji hana kamba. Ana vigingi tu, na moshi, na nyuki.

Mjomba wangu alianguka nilipokuwa darasa la sita. Hakufa, lakini nyonga yake haikupona sawasawa, na tangu siku hiyo hapandi. Niliokota kipande cha kigingi nikakiweka. Kilikuwa kimekatika pale pale kilipotokeza shinani. Upande wa juu nyuzi za mti zimechanika ndefu ndefu kama ufagio. Upande wa chini zimepondeka. Watu walisema ni bahati mbaya. Wengine walisema mengine, ambayo si ya kuandikwa hapa.

Mwaka jana mwalimu wetu wa fizikia alituchorea ubaoni picha iliyomo katika kitabu cha Galileo cha mwaka 1638: boriti imechomekwa ukutani, na mwishoni mwake pananing'inia mzigo. Nilicheka peke yangu, maana kile kilikuwa kigingi chetu! Alitueleza kwamba boriti ya namna hiyo huelemewa zaidi pale iingiapo ukutani, na kwamba upande wa juu huvutwa, wa chini hubanwa. Hili la kubanwa Galileo mwenyewe hakuliona. Lilikuja kuelezwa na wengine baada yake. Kipande changu kililionyesha wazi.

Usiku ule nilipiga hesabu. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600 hivi. Akikanyaga sentimita 5 kutoka shinani, nguvu ya kukipinda kigingi ni nyutoni-mita 30. Akikanyaga sentimita 20, ni 120. Mtu ni yule yule, na mzigo umekuwa mara nne! Tena kigingi cha mviringo chenye unene wa sentimita 3 hakikishindi cha sentimita 2 kwa mara moja na nusu, bali kwa zaidi ya mara tatu, maana twachukua 27 na kugawa kwa 8.

Likizo ilipofika nilimweleza mjomba, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mjomba," akaniambia, "kukanyaga karibu na shina tunakujua tangu babu zetu. Siku ile nyuki walinijia usoni, nikajisogeza nje. Lakini hilo la unene, sikujua kwamba ni kubwa hivyo."

Kisha akaita mwanawe, ambaye sasa ndiye apandaye, akamwambia alete vigingi vyake. Tulivipima kwa rula yangu ya shule. Vitatu vilikuwa vyembamba kuliko kile kilichomwangusha baba yake, na mjomba akavitia motoni bila kusema neno.

Yamebaki maswali ya aina za miti, na ya kigingi kibichi na kikavu, ambayo rula haiyajibu. Nikimaliza mtihani wa Novemba nitarudi na ndoo na mizani. Tutachomeka vigingi katika mbuyu karibu na ardhi, tuvitundikie maji lita baada ya lita mpaka vivunjike. Binamu yangu atachagua miti, mimi nitaandika.