Kabwe: Mbalamwezi Ikitoka, Betri Inahamia Kwenye Gitaa

Nikisema Kabwe usikimbilie ile ya Zambia yenye migodi. Hii ni yetu, wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Unaondoka Sumbawanga na sweta lako, maana baridi ya Ufipa haina utani, unapita Namanyere, halafu gari linateremka kwelikweli, kama mita 1,000 hivi, mpaka sweta linaingia kwenye begi. Ng'ambo ni Kongo. (Na nyie mnaoniuliza mambo ya uchawi kila nikitaja Sumbawanga, jina lenyewe maana yake 'tupa uchawi'. Tuendelee.)

Usiku wa giza Kabwe usitafute vijana, wako ziwani. Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana wavuvi huwasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri. Lakini mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, mitumbwi inapumzika. Hapo sasa! Betri ya volti 12 inabebwa begani hadi kijiweni.

Gitaa lenyewe ukiliona mchana utacheka. Tumbo ni kopo la mafuta, shingo ni ubao, nyuzi ni waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa. Ujanja uko ndani ya kopo: wamebana kispika cha redio mbovu. Spika ni sumaku na waya wa shaba uliozungushwa. Ukiipa umeme inatoa sauti, ila ukiitikisa kwa sauti yenyewe inatoa umeme kidogo. Umeme huo unapelekwa kwenye amplifaya iliyong'olewa kwenye sabufa iliyokufa, unatoka na mkwaruzo mmoja mkali ajabu. Fundi wa studio angeusafisha, na hapo angeua kila kitu.

Hawa si vichaa peke yao. Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi alianzisha Konono No. 1 mwaka 1966, akatengeneza vinasa sauti kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari ili likembe isikike katikati ya kelele za mji. Albamu yao Congotronics ya 2004 ilizunguka dunia. Mzee alifariki 2015.

Kabwe hakuna jukwaa wala kiingilio. Ukisimama kutazama unapewa dumu na kijiti. Nilipojivuta nyuma jamaa mmoja akaniambia, "Kaka, hapa hatuna watazamaji, gonga." Akina mama wauza samaki ndio waliogonga kuliko wote, na waliokuwa wamenuniana mchana kwa sababu ya deni niliwaona wakipokezana dumu moja.

Mwaka 2024 nchi nne za ziwa hili zilisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sibishani na hilo, samaki wakiisha tumeisha sote. Ila kijana wa miaka 22 asiye na mtumbwi wala shamba, usiku wa miezi mitatu afanye nini? Nilipowauliza walicheka. "Tulipiga mpaka nyuzi zikakatika."

Tatizo betri si yao, ni ya tajiri mwenye mtumbwi. Saa nane usiku alikuja mwenyewe, kaptula na kandambili, akachomoa waya katikati ya wimbo. "Keshokutwa tunaingia ziwani, hii lazima ichajiwe." Akaibeba akaondoka. Mkwaruzo ukazimika. Akina mama hata hawakugeuka, madumu yakaendelea.